Rodi za Alhamisi

Dukani kwangu nauza sukari, chai, viberiti, viatu vya mpira na rodi za kuchomelea. Rodi nimeziweka rafu ya juu kabisa, karibu na bomba la jiko, maana zile za kijivu hunywa unyevu wa hewani kama mlevi aliyeona chupa ya jirani. Wanaume wa kijiji chetu cha Kara-Chiy huingia, hukung'uta theluji kwenye sakafu niliyoipiga deki sasa hivi, halafu husema, "Kalipa, nipe rodi." Rodi gani? Hawajui, wanataka nitoe tu. Basi huwarudishia maneno niliyoyaokota kwa Fundi Beishenali: usiniulize rodi ipi, niambie chuma gani.

Maneno hayo aliyasema tangu enzi ya shamba la ushirika, alipokuwa fundi pekee wa kuchomelea kuanzia hapa hadi darajani. Ukimpelekea mlango wa jiko uliopasuka, haitikii salamu kwanza. Anaugonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anaupitishia tupa, ndipo anatoa hukumu: hiki cha bluu, hiki cha kijivu, hiki mpelekee mkeo abanie mfuniko wa pipa. Rodi za bluu ni za watu wenye haraka, alikuwa akisema. Zinawaka upesi, zinavumilia kutu na maji, zinatosha kwa geti na kitanda. Za kijivu, zilizopakwa chokaa, zina wivu. Zinataka chuma safi na mkono usioyumba, na zikiwa na unyevu hata kidogo zinakuficha, zinakuacha ujisifu leo, aibu inakuja kesho. Lakini zikiwa kavu kabisa, trela itakatika kwingine kokote, si pale alipochomelea yeye.

Alikuwa anaringa, sitaficha. Na alikuwa na haki. Kilimani kwetu nusu ya wafu wamelala chini ya kazi yake: mbavu za chuma za yurta, lile hema la duara la wafugaji, zimesimama juu ya kaburi wazi bila zulia, na duara la paa limefungua macho mbinguni. Upepo wa huku unang'oa bati za shule, lakini hakuna hata yurta moja ya Beishenali iliyowahi kulegea. Watu wakimsifu aliutazama mkono wake wa kulia, akausifu na yeye kimoyomoyo. Nilimwona mara nyingi.

Mkewe Burulkan alifariki Novemba ya mwaka juzi. Hakuwa dada yangu wa damu, ila tulikanda unga kwenye bakuli moja miaka thelathini na tano, na wapo wenye dada wa damu wasiofika hapo. Mtoto wao wa pekee, Ermek, yuko Moscow. Alifika siku tatu baada ya mazishi, akakaa wiki, akarudi kazini. Beishenali akabaki na nyumba ya vyumba vinne na ng'ombe mmoja ambaye hakujua kumkamua vizuri, mpaka akamuuza.

Tangu hapo akawa anakuja dukani kila siku kununua kitu kimoja. Leo kiberiti, kesho chumvi, kesho kutwa kiberiti tena. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Shemeji, chumvi ya juzi umeila kwa kijiko?"

"Imemwagika," akasema.

"Na kiberiti?"

"Kimelowa."

Kisha alisimama palepale kuangalia rafu kwa muda mrefu, kana kwamba anachagua. Nilijua haji kununua. Anakuja kusikia mtu akigombana naye. Kwa hiyo nikawa nagombana naye, na sioni kwamba lilikuwa tendo baya.

Lililoniuma ni Alhamisi. Kwetu, jioni ya Alhamisi kila nyumba hukaanga boorsok, vipande vidogo vya unga uliochachuka, ili harufu ya mafuta iwafikie wafu. Huwezi kusema umemkumbuka mtu wako kama bomba la jiko lako halijatoa harufu. Kwa Beishenali hakukuwa na harufu wiki baada ya wiki. Wanawake walisema hapo hapo mbele ya mizani yangu kwamba marehemu Burulkan huzunguka kijiji kizima nyumba kwa nyumba, na akifika kwake anakuta baridi. Niliwafukuza dukani. Lakini nilipokuwa nikikaanga zangu na kulitaja jina lake, nilijua kwamba harufu ya jirani ni ya jirani.

Mwaka ulipokaribia kutimia ilibidi yurta ya Burulkan isimame. Hitima ya mwaka haifanywi kaburi likiwa udongo mtupu, hasa kaburi la mke wa fundi. Ermek akapiga simu kutoka Moscow. Kuna karakana mjini Bishkek, akasema, wanatengeneza za mabomba yanayong'aa, zinakuja zimekamilika kwenye lori, baba asijisumbue. Beishenali akamjibu kwamba mama yake hakuwa sufuria. Wakakubaliana hivi: kama yurta ya baba haijasimama Jumapili ya kabla ya hitima, ile ya kung'aa itapakiwa.

Ukweli ni kwamba alishachagua chuma chake kitambo, na kwa mara ya kwanza maishani alichagua kwa moyo, si kwa nyundo. Nyuma ya zizi lake kulikuwa na reki kuukuu ya nyasi, ile ya kuvutwa na farasi, mali ya shamba la ushirika. Burulkan aliiendesha akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, amekaa juu ya kile kiti cha chuma, akimtukana farasi kwa sauti iliyovuka bonde zima. Jino moja la reki likavunjika, akaitwa kijana wa karakana aje kulichomelea. Kijana huyo alichomelea jino hilo mara tatu kwa siku tatu, na kila mtu shambani alijua kwamba halikuhitaji hata mara ya pili.

Meno ya reki yako ishirini na manne, yamepindwa sawasawa na mbavu za yurta, kama vile aliyeyatengeneza alijua. Lakini ni chuma cha spring. Hakipendi moto. Ukikichomelea vibaya hakigombani nawe papo hapo, kinapasuka pembeni ya kiungo baadaye, chenyewe, wewe ukiwa umeshanawa mikono. Jumakadyr, dereva wetu wa lori, alimwambia mbele yangu: "Fundi, chuma hicho kitakukataa. Tumia mabomba kama watu wengine." Beishenali akamwuliza tangu lini farasi anamfundisha mhunzi.

Alikuja kuchagua rodi siku ya Jumatatu. Sijapata kumwona akisimama mbele ya rafu muda mrefu vile kwa nia ya kweli. Za bluu hakuzigusa. Kwa chuma kile, alisema, zinafaa zile ngumu za kung'aa, za chuma kisichopata kutu, ndizo zinazokubembelezea chuma kaidi. Sikuwa nazo. Jumakadyr alikuwa ameziulizia mjini Naryn, hakupata. Akachukua pakiti mbili za kijivu, akaivuta rodi moja, akaikunja mbele ya macho yake, akaipiga kwa kucha.

"Hizi zilinitosha maisha yote," akasema. "Nazo zilikuwa za kwako."

Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilipita uani kwake Jumanne mchana nikaona. Alisafisha kila jino hadi likang'aa, akalipasha kwa moto wa mtungi wa gesi, akachomelea kidogo kidogo, kisha akakifunika kiungo kwa majivu ya moto ili kipoe taratibu. Rodi zenyewe alikuwa ameziweka juu ya jiko usiku kucha. Kufikia jioni mbavu nane zilikuwa zimeshika duara la juu, duara lililotokana na gurudumu la reki hiyohiyo. Aliketi chini yake kwenye kigoda, na birika la chai, peke yake, ndani ya nyumba isiyo na ukuta. Vikombe vilikuwa viwili. Nikageuza uso, nikaenda zangu.

Jumatano asubuhi aliingia dukani bila salamu, akaweka jino la reki juu ya kaunta, kando ya sukari. Lilikuwa limekatika pembeni kabisa ya kiungo. Pale lilipokatika palikuwa pa kijivu, chembe chembe kama sukari yenyewe.

"Mangapi?" nikamwuliza.

"Sita. Na mawili yaliyobaki yana ufa." Alikuwa na sauti ya mtu aliyekesha. "Nimechagua vibaya, Kalipa. Nimeshindwa kuchagua rodi. Watoto wa karakana wanajua kuchagua rodi."

Nikamwambia chuma ndicho kikaidi. Akatikisa kichwa. Miaka ile alichomelea spring za malori, alisema, majembe ya trekta, meno ya tingatinga, kwa rodi hizi hizi, na hakikurudi hata kimoja. Chuma ni kile kile. Rodi ni zile zile. Akauinua mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akiusifu, akautazama kama unavyomtazama mtu aliyekuibia.

"Umeisha," akasema. "Nitampigia Ermek, alete sufuria yake."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipovunja ahadi, na mpaka leo sijui marehemu amenisamehe.

Shamba la ushirika lilikuwa na kabati la umeme la kukaushia rodi. Shamba lilipokufa kabati liliibwa kama vilivyoibwa vingine vyote, hata fremu za madirisha. Beishenali akaanza kufanya kazi nyumbani. Jioni humpa mkewe rodi na kumwambia, "Ziweke pakavu," asubuhi anazipokea zina joto, zimeviringishwa kwenye kipande cha zulia la manyoya. Alidhani zimelala kando ya jiko. Wiki ya kwanza zililala kando ya jiko kweli, na kazi ya kwanza, ekseli ya mkokoteni, ikapasuka. Mume alikaa siku nzima anatazama ukuta. Burulkan akaja kwangu, tukafikiri pamoja, na yeye ndiye aliyegundua.

Alichukua kipande cha bomba, akaziba upande mmoja. Rodi anazipanga ndani, mdomo anauziba kwa udongo, bomba lote analifukia kwenye makaa ya samadi chini ya jiko. Joto alilipima kwa unga: anadondosha unga wa ncha ya kidole juu ya bomba, na kama unakuwa mweusi kabla hajahesabu hadi tano, moto umefika. Muda aliupima kwa unga mwingine, unga wa boorsok. Anaukanda wakati moto umefika, anauacha uumuke, anaukandamiza, anauacha uumuke tena, anaukata, anaukaanga. Boorsok za mwisho zikitoka kwenye mafuta, rodi zimeiva. Ndiyo maana alizioka Alhamisi, moto mmoja ukafanya kazi mbili. Mume alisikia harufu, akasoma Kurani kwa ajili ya wazazi wake, akala, akalala. Rodi kavu zilikaa wiki nzima kwenye zulia juu ya jiko.

Mimi ndiye niliyemwuliza kwa nini hamwambii. Akacheka. "Mwache aringe," akasema. "Fundi asiyeringa mkono unamtetemeka. Na wewe Kalipa, mdomo huo, uufunge." Nikaapa kwa mkate. Niliushika ule mdomo miaka thelathini, na mnaonijua mnajua kwamba ni muujiza.

Jumatano ile nikauachia. Nilimweleza yote, kuanzia bomba hadi unga mweusi, huku jino la reki likiwa katikati yetu. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye pia, kwamba mtu aliweza kulala kitanda kimoja na mwanamke miaka yote hiyo, akajua kila chuma kinataka nini, asijue rodi zake zilitoka wapi.

Mteja mmoja akaingia, akatutazama, akatoka.

"Kwa hiyo mkono haukuwa wangu," akasema Beishenali.

"Mkono ulikuwa wako, shemeji. Moto ulikuwa wake."

"Na mlikuwa mnanicheka."

"Hatukukucheka hata siku moja."

Akachukua jino lake akaondoka, hakuaga. Nikajua nimemmaliza. Siku ile sikula. Nilimwambia Burulkan, kwa sauti, peke yangu kati ya magunia, kwamba angalau mimi nilijaribu, na kama ana la kusema aje aseme.

Alhamisi sikuuza kitu cha maana, macho yangu yalikuwa kwenye bomba la jiko la Beishenali. Mchana ukatoka moshi mzito wa samadi. Moshi ukakonda, ukawa kama hewa tu inayocheza, nikajua kwamba makaa yameiva. Kisha hakuna kitu. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Wanawake watatu walikuwa dukani wakibishana kuhusu bei ya unga, na mmoja wao akanyamaza katikati ya neno, akanusa.

Ilikuwa harufu ya mafuta. Mafuta yaliyoungua kidogo, ya mtu asiyejua kupunguza moto, lakini ilikuwa harufu, na ilitoka nyumba ile. Wanawake wakafungua viganja vyao, wakavipitisha usoni. Na mimi nikafanya hivyo, halafu nikaenda nyuma ya pazia nikalia kama mtoto.

Jua lilikuwa bado halijazama alipokuja na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Nyusi zake zilikuwa na unga. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na lengelenge la mafuta. Boorsok zake zilikuwa ngumu, nyeusi upande mmoja, mbichi upande wa pili.

"Ni za kupimia saa tu," akasema. "Ila sikuweza kuzitupa."

"Uliumusha mara mbili?"

"Mara mbili. Mara ya pili uligoma."

"Unga ulikuwa na baridi, shemeji. Unaufunika."

"Aliufunika kwa kitu gani?"

"Kwa koti lako la kazini."

Alikaa kwenye gunia la sukari, jambo ninalomkataza kila mtu, nami sikumkataza. Tukala boorsok zile mbaya kwa chai mpaka giza likaingia, naye akaniuliza juu ya Burulkan mambo ambayo mume hapaswi kumwuliza jirani: alipenda kuimba nini akikanda, alikuwa akiongea na nani, kama alikuwa akilalamika. Nilimwambia alilalamika sana. Hilo lilimfurahisha.

Ijumaa, tangu baada ya sala hadi usiku wa manane, alichomelea mbavu ishirini na nne, zile nane akazianza upya kabisa. Rodi zilitoka kwenye zulia zikiwa na joto, na aliposhikisha ya kwanza hata mimi, muuza sukari, nilisikia tofauti. Zile za Jumanne zilikuwa zinapayuka na kutema cheche. Hizi zilichemka taratibu kama maziwa kwenye moto mdogo. Jumamosi asubuhi nilikwenda uani mapema. Alikuwa ameshatangulia, anazunguka na nyundo yake ndogo, anaugonga ubavu mmoja, anasikiliza, anaugonga mwingine. Zote zililia. Hakuna iliyonyamaza.

Jumapili Jumakadyr aliipandisha kilimani kwa lori lake, akiendesha kama amebeba mayai, na hakusema neno kuhusu farasi na mhunzi.

Ermek hakuja hitimani. Msimamizi wake alimnyima ruhusa, akapiga simu, akalia kwenye simu, baba yake akamtuliza. Farasi alichinjwa, watu wakaja kutoka vijiji vitatu, na wote walipanda kuitazama yurta ya meno ya reki. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto akamshika Beishenali mkono wa kulia, akausifu mbele ya watu, akauliza alitumia rodi gani kwa chuma kile.

"Za kijivu," akasema Beishenali. "Alizikausha mke wangu."

Watu waliinamisha vichwa. Walidhani huzuni imemvuruga akili, kwamba amesahau mkewe hayupo tena.

Sasa ni mwaka mwingine. Kazi zimepungua, vijana wananunua mageti yaliyokwisha tengenezwa mjini, na mkono wa Beishenali kweli umeanza kutetemeka kidogo, tangu siku ile nilipomwambia. Burulkan alikuwa anajua alichosema. Lakini kila Alhamisi moshi wa samadi unatoka, kisha hewa inayocheza, kisha harufu ya mafuta, na boorsok zake siku hizi zinalika. Rodi kavu zimejaa kwake, juu ya jiko, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la harusi la Burulkan, nyingi kuliko kazi zote zitakazotokea Kara-Chiy mpaka atakapokufa.

Jana alikuja tena, akasimama mbele ya rafu, akachagua. Sikumwuliza ni za chuma gani. Nilimpimia nusu kilo ya zile za kijivu.